Uliza Mwalimu wa Karata: Aliyenyamaza Anajua Nini?

Barua za safari hii nyingi zimetoka Pemba, na nyingi ni za ugomvi. Watu wanacheza briji baada ya Isha (karata za watu wanne, wawili dhidi ya wawili: kwanza wananadi mikono, yaani raundi watakazokula, kisha wanacheza), wanakosana na wenzao wa kucheza, kisha wananiandikia mimi niwahukumu. Haya, nitahukumu. Nimesomesha hesabu skuli mpaka nikastaafu, na kumwambia mtu "hapa umekosa" hakunipi tabu. Barua nimezifupisha, matusi nimeyatoa, majina nimeyaficha, maana wengine ni ndugu wa nyumba moja.

*Mwalimu, shikamoo. Tulicheza na wageni kutoka Unguja, mimi na kaka yangu. Hakuna upande uliokuwa hatarini, yaani katika hali ambayo malipo na adhabu huwa kubwa zaidi. Nilipata shupaza saba: mfalme, bibi, ghulamu, 9, 7, 5 na 4. Kopa 6 na 2, uru 8 na 3, pau 9 na 4. Nikafungua mnada kwa tatu za shupaza, yaani sita na tatu, mikono tisa, shupaza zikiwa turufu. Wa kushoto kwangu akasema nne za kopa, kaka akapasi, wa kulia akapasi. Nikaona haya kunyamaza na shupaza zile, nikasema nne za shupaza. Nikapigwa dabo, yaani wapinzani wakazidisha dau, nikaanguka mikono mitatu: 500. Kumbe kaka alikuwa na shupaza moja tu, kopa bibi, ghulamu, 9 na 8, ree ya uru na mfalme wa pau. Aliyenadi kopa alikuwa na ree ya shupaza na 8. Sasa kaka hataki kukaa na mimi meza moja. Nimekosa wapi, na shupaza zilikuwa nzuri vile?* — Msomaji, Wete

Marahaba, mwanangu. Shupaza zilikuwa nzuri, na ulipofungua kwa tatu ulifanya sawasawa. Kosa lilikuja baadaye, uliposema mara ya pili.

Ulipotamka tatu za shupaza uliiambia meza nzima: nina shupaza kama saba hivi, na nje yake sina kitu. Ndiyo kazi ya mnada ule wa juu. Unawanyima wapinzani nafasi ya kuzungumza, na papo hapo unamweleza mwenzio karata zako karibu zote. Basi tazama hali ilivyokuwa wakati zamu inakurudia. Kaka yako alijua ulichonacho. Wewe ulikuwa hujui alichonacho yeye. Wa kuamua kati yenu alikuwa nani? Yeye, na alikwisha kuamua alipopasi. Ulipomrukia ukaamua upya, ulitumia shupaza zilezile ulizokwisha kuzitangaza. Hukuwa na jipya hata moja.

Sasa tuhesabu. Wakicheza nne za kopa, bibi na ghulamu za kaka zikiwa pamoja na 9 na 8 zinakula mikono miwili ya turufu. Ree ya uru, wa tatu. Shupaza yako, mradi mwenye mkataba, yaani aliyeshinda mnada, alikuwa nazo mbili, wa nne. Wanaanguka mkono mmoja, mnaandika 50. Badala yake mmeandikiwa 500. Tofauti ni 550 kwa neno moja.

Utasema, nilijuaje kama wataanguka? Hukuhitaji kujua. Tuseme nne za kopa zingetimia. Upande usio hatarini hupata 420. Wewe umetoa 500. Umepoteza vilevile, ila kidogo.

Kuna kanuni inayosaidia sana hapa, na huyu aliyeiandika, Mfaransa Jean-René Vernes, aliichapisha mwaka 1966. Chukua idadi ya turufu mlizonazo nyinyi wawili katika aina yenu, jumlisha na turufu walizonazo wao katika aina yao. Jumla hiyo hukaribiana na idadi ya mikono inayoweza kuliwa na pande mbili, kila mmoja akicheza kwa turufu yake. Shupaza zenu saba na moja, nane. Kopa zao, ukitoa mbili zako na nne za kaka, saba. Jumla 15. Kwa hiyo wao wakila kumi katika kopa, nyinyi mmebakiwa na tano katika shupaza, na kuanguka mikono mitano kwa dabo ni 1100. Nyinyi mkila kumi, wao wana tano, na ungewaacha tu waangamie. Kokote utakakogeukia, nne juu ya nne kwa turufu 15 ni hasara. Hapo mezani kwenu wao wangekula tisa na wewe umekula saba, yaani 16. Kanuni imekosea mkono mmoja, na kawaida yake haikosei sana.

Lakini ona: nani angeweza kupiga hesabu hiyo wakati wa mnada? Wewe ulijua saba zako tu. Kaka aliijua saba yako na moja yake. Angekuwa na shupaza nne, angesema nne za shupaza yeye mwenyewe, kwa furaha, bila kukungoja.

Kwa hiyo ukishafungua kwa mnada wa juu namna ile, midomo umefunga, isipokuwa mwenzio akuulize. Akikuuliza, mjibu. Kaka naye ningependa kumuuliza kwa nini hakupiga dabo akiwa na kopa zile, lakini yeye hakuniandikia.

*Mwalimu, umesema mara nyingi kwamba kuna wakati kuanguka kwa makusudi ni faida. Wengine tunaona ni ushujaa wa kipumbavu. Lini ni faida?* — Msomaji, Mwanakwerekwe

Likifika suala la kuzama kwa makusudi, ushujaa uweke pembeni, kaa na jedwali. Wao wakitimiza nne za kopa au za shupaza, wanapata 420 wasipokuwa hatarini, 620 wakiwa hatarini. Nyinyi mkipigwa dabo bila kuwa hatarini, mnalipa 100 kwa mkono mmoja, 300 kwa miwili, 500 kwa mitatu, 800 kwa minne. Mkiwa hatarini ni 200, 500, 800.

Basi linganisha. Wao hatarini na nyinyi hamko: unaweza kuanguka mitatu ukalipa 500 badala ya 620. Pande mbili sawa: miwili tu. Nyinyi hatarini na wao hawako: mmoja, na huo wenyewe uufikirie mara mbili. Na jambo ambalo vijana hulisahau: hesabu hii yote ina maana ikiwa mkataba wao ungetimia kweli. Ukizama kukwepa mkataba ambao ungeanguka, umelipa deni lisilokuwa lako. Yule bwana wa Wete shahidi.

*Mwenzangu alianza na 6 ya kopa, wapinzani wakiwa na mkataba wa tatu bila turufu. Meza, yaani karata za mwenza wa mwenye mkataba, ikalazwa wazi na kopa bibi, 7 na 3. Mimi nilikuwa na ree, 10 na 8. Mwenye mkataba akatia 3 kutoka mezani, nami nikapiga ree, maana nimefundishwa kwamba wa tatu huweka kubwa. Nikarudisha 10. Mwenzangu akafunika kwa mfalme, mezani ikatoka 7, na baadaye bibi ya mezani ikala. Mkataba ukatimia hasa. Mwenzangu anasema ningeweka 8. Nane! Nina ree mkononi niweke nane?* — Msomaji, Chake Chake

Ndiyo, nane. Mwenzio ana haki, na mimi ningemnunulia kahawa.

"Wa tatu huweka kubwa" ni fundisho la siku ya kwanza, na ni zuri kwa siku ya kwanza. Ila mnapokubaliana kwamba dhidi ya bila turufu mtaanza na karata ya nne kutoka juu katika aina yenu ndefu, ile karata ya kwanza inakuwa na hesabu ndani yake. Toa thamani yake kutoka 11. Kinachobaki ni idadi ya karata zilizo juu yake katika mafungu matatu yaliyosalia: meza, wewe, na mwenye mkataba.

Kwa nini 11? Zipe karata namba: ghulamu 11, bibi 12, mfalme 13, ree 14. Juu ya 6 mpaka 14 zipo nane. Mwenzio ameanza na ya nne, kwa hiyo tatu za juu anazo yeye. Nane toa tatu, tano. Na 11 toa 6 ni tano. Ukijaribu kwa 5 au kwa 7 utaona inakwenda vilevile, kwa kuwa 14 toa 3 ni 11 daima.

Njoo kwenye karata zako. Tano zilizo juu ya 6 ziko wapi? Mezani unaziona mbili, bibi na 7. Mkononi mwako tatu: ree, 10, 8. Mbili na tatu, tano. Zimekwisha. Mwenye mkataba hana kopa hata moja iliyo juu ya 6! Basi mezani ikishatoka 3, 8 yako inakula bila wasiwasi wowote.

Na faida yake si kujionesha. Baada ya 8, unapiga ree, na meza inalazimika kutoa 7. Bibi imebaki peke yake. Unacheza 10, mwenzio anafunika kwa mfalme, bibi inaanguka chini yake, kisha anamalizia kwa ghulamu na 9. Mikono mitano, mkataba umekufa. Ulivyocheza wewe, ree iliondoka mapema na bibi ikabaki na 7 ya kuikinga.

Tahadhari mbili nizitaje haraka. Hesabu hii ni ya karata ya nne tu. Mwenzio akianza na karata ya juu ya aina asiyokuwa na kitu, 11 haikusaidii. Pili, mwenye mkataba naye anajua kutoa 6 katika 11.

*Mwalimu, mimi nimekulia barazani kwenye karata za wahedi wa sitini. Kule jicho likifumba mwenzio ameshajua una nini. Juzi kwenye mashindano, aliyefungua kushotoni kwangu alisema moja ya kopa, mwenzangu akafikiri muda mrefu sana, akapasi. Wa kulia akasema mbili za kopa. Mimi nilikuwa na shupaza tano zenye bibi na ghulamu, pointi saba kwa jumla, tuko hatarini. Nikasema mbili za shupaza, zikatimia. Wakamwita mwamuzi, akafuta matokeo yetu. Sikufumba jicho wala mwenzangu hakufumba. Haki iko wapi?* — Msomaji, Ng'ambo, Unguja

Haki iko kwa mwamuzi. Najua hutaki kusikia hivyo.

Barazani kukonyezana ni sehemu ya raha, na anayekamatwa anachekwa tu. Katika briji unazungumza na mwenzio kwa njia mbili: mnada unaotamka na karata unayoitoa. Mengine yote, uso, pumzi, kahawa kuwekwa chini kwa kishindo, ni marufuku kuyatumia. Kufikiri kwa muda mrefu si kosa. Mwenzio hana hatia. Lakini kimya chake kile kirefu kilikwambia kwamba ana kitu, karibu anadi, akashindwa kuamua. Hiyo ni habari ambayo huna ruhusa ya kuitumia.

Mwamuzi hakuulizi ulikuwa na nia gani. Anauliza: wachezaji wa kiwango chako, wakiwa na karata hizo, bila kuona mwenzao akihangaika, wapo ambao wangepasi? Kwa pointi saba na hatarini, wapo, tena wengi. Basi kupasi ni njia ya akili, na kunadi ndiyo njia ambayo kimya kile kilikuelekeza. Ulitakiwa upasi. Ungekuwa na karata ambazo hakuna mtu mwenye akili angezipasi, ungenadi na asingekugusa mtu. Wapinzani wao, wakitaka kusoma kimya cha mwenzio, wanaruhusiwa, kwa hatari yao wenyewe.

Usidhani ni watu wa baraza tu wanaosumbua. Katika ubingwa wa dunia wa mwaka 1975, uliochezwa Bermuda, ndipo ulipowekwa ukuta mdogo katikati ya meza ili wachezaji wasiwaone wenzao usoni. Mashindano yaleyale zikatoka shutuma za miguu kugusana chini ya meza, ikabidi na huko chini kuzibwe. Ukuta juu, kizuizi chini, na mabingwa kati.

Halafu umeniuliza pembeni kwa nini seti ya barazani, yaani saba, haina thamani huku. Wahedi wa sitini una pointi 120: ree 11, seti 10, mzungu wa nne (mfalme) 4, mzungu wa tatu (ghulamu) 3, mzungu wa pili (bibi) 2, mara aina nne, na mwenye 61 ameshinda. Katika briji pointi ni za kukadiria wakati wa mnada tu: ree 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1, jumla 40. Saba ni saba. Na ghulamu yuko chini ya bibi, jambo ambalo wachezaji wa baraza huwachukua wiki kadhaa kulizoea.

*Mkataba ni nne za shupaza. Nilianza na ree ya uru, kutoka ree, mfalme, 7 na 4. Mezani kuna bibi, 10 na 5. Mwenzangu alitia 9, mwenye mkataba 3. Nikaogopa kwamba nikipiga mfalme nitaistawisha bibi ya mezani, nikahamia pau. Mkataba ukatimia. Mwenzangu alikuwa na uru 9 na 2. Hajanuna, lakini ananitazama tu.* — Msomaji, Mkoani

Anayo sababu ya kukutazama. Ametia 9. Jiulize 2 iko wapi: kwako haipo, mezani haipo, mwenye mkataba ametia 3. Ama mwenzio anayo, naye ameipita makusudi akatia kubwa ili kukwambia "endelea", ama hana uru nyingine kabisa na 9 ndiyo pekee. Katika hali ya kwanza piga mfalme. Atatia 2, kisha uru ya tatu ataikata kwa turufu. Katika hali ya pili ataikata mapema zaidi ukicheza ndogo, lakini hata mfalme haukudhuru, utampa baada yake. Hapakuwa na hali ambayo pau ilikuwa bora.

Bibi ya mezani uliiona kwa macho, ikakutisha. Idadi ya uru za mwenzio huwezi kuiona, na yeye amekutangazia kwa karata aliyoitoa. Kati ya unachokiogopa na anachokijua yeye, fuata anachokijua. Mkono wa kwanza wa ulinzi ni wa kumsikiliza.

*Nani aliyeubuni mchezo huu? Babu anasema ni Waingereza, wametuletea wakati wa ukoloni.* — Mwanafunzi, Mkunazini

Babu amekaribia. Kabla yake ulikuwepo mchezo wa mnada wa aina nyingine, ambao mikono yote uliyokula ilihesabiwa kuelekea ushindi hata kama hukuinadi. Mwaka 1925 Mmarekani Harold Vanderbilt, akiwa melini kupitia mfereji wa Panama, aliweka sawa kanuni mpya pamoja na hili la kuwa hatarini: kinachohesabika kwa ushindi ni kile tu ulichokitangaza. Ndiyo maana mnada unauma. Ukila kumi na ulisema tatu, umeziacha mezani pointi zako.

*Tuko watatu tu hapa Konde. Wa nne ameoa, haonekani. Tufanyeje?* — Wasomaji watatu, Konde

Gaweni mafungu manne kama kawaida, la nne liwe kifudifudi. Nadini watatu, kila mtu kwa ajili yake. Atakayeshinda mnada anahama mahali ikibidi, ili fungu lile likae mkabala naye. Wa kushoto kwake anaanza, ndipo linafunuliwa liwe meza. Wawili waliobaki wanakuwa walinzi kwa mara hiyo tu, na mara nyingine mmoja wao atakuwa na huyo aliyeshinda. Mtajifunza ulinzi upesi, kwa sababu kila nusu saa unamlinda mtu mwingine na hujui tabia zake. Pointi mwandikieni kila mtu za kwake kwenye karatasi, msiandike mkononi. Yule aliyeoa mwekeeni nafasi, baada ya miezi mitatu atarudi.